Kabla Hujanunua Turbo ya Pili

Turbo ya kwanza ikifa, mwenye gari hulaumu umri wa gari. Ya pili ikifa baada ya wiki chache, humlaumu aliyemuuzia. Ikifika ya tatu anaanza kusema Subaru ni gari la mikosi, na usiku huohuo tangazo linapanda mtandaoni: "Gari halina tatizo lolote, mwenyewe anasafiri." Mlolongo huu nimeuona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi mtu akiniletea turbo mpya ndani ya boksi na kuniomba niifunge, boksi naliweka pembeni kwanza. Namuuliza ile ya zamani iliuawa na nini.

Wengi hawana jibu. Wanajibu, "Ilikuwa inatoa moshi, fundi." Moshi ni dalili, na dalili hiyohiyo hutolewa na magonjwa manne au matano tofauti. Turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, ina kitu kimoja tu kinachozunguka ndani yake, shafti yenye gurudumu kila upande. Haina cha kuchakaa sana ikipewa oili safi ya kutosha na hewa iliyochujwa. Inapokufa, mara nyingi imenyimwa oili, au imepewa oili chafu, au imemeza kitu kigeni. Halafu kuna kundi jingine, ambalo kwa ninavyoona ndilo kubwa kwenye gereji zetu: turbo nzima kabisa inayohukumiwa kwa sababu tu imekutwa imelowa oili.

Nitaongelea zaidi injini za Subaru za familia ya EJ, kwa kuwa ndizo zinazopita mikononi mwangu hapa Arusha: Forester za turbo, Impreza WRX na STI, Legacy GT. Injini hizi zilianza na Legacy mwaka 1989 na zikaendelea kutengenezwa kwa miongo mitatu. Huku kwetu zilipata mashabiki kabla hazijapata mafundi. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza ya bluu, kuna watoto waliokuwa wamekaa pembeni mwa barabara za vumbi Kenya ambao leo ni watu wazima wenye mishahara, na wanajua hasa wanataka gari gani. Tatizo ni kwamba Forester ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa ni gari la zaidi ya miaka ishirini. Imepita kwa wamiliki watano, kila mmoja na oili yake, na mipira yote iliyo karibu na turbo imeshageuka kuwa plastiki.

Tuanze ndani ya turbo, maana usipoelewa oili inafanya nini mle, kila utakachofanya baadaye ni kubahatisha.

Shafti ya turbo ya gari dogo ikiwa kazini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande mmoja, gurudumu la turbini linapigwa na moshi wa ekzosi unaoweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi. Upande wa pili, sentimita chache tu kutoka hapo, gurudumu la kompresa linavuta hewa ya kawaida. Katikati, shafti hailali juu ya chuma. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwenye turbo za bushi, ambazo ndizo nyingi zaidi, bushi zenyewe nazo zinaelea: zina oili ndani na zina oili nje. Oili hiyo inalainisha, na wakati huohuo inabeba joto na kuondoka nalo.

Kwa sababu ya utando huo, ukiitoa turbo nzima ikiwa kavu, ukaishika shafti kwa vidole na kuitikisa juu na chini, itacheza kidogo. Hapo ndipo turbo nyingi zisizo na kosa zinapohukumiwa. "Unaona inavyocheza? Hii imekwisha." Haijaisha. Vitabu vya ufundi vya Subaru vya injini za EJ vinaruhusu mchezo wa juu na chini hadi milimita 0.17. Mchezo wa kuogopa ni ule wa mbele na nyuma, shafti ikisukumwa na kuvutwa kwa urefu wake: hapo kikomo ni milimita 0.09, kiasi ambacho kidole hakikitambui vizuri. Ukiusikia waziwazi kwa mkono, beringi ya msukumo, ile inayoizuia shafti isisogee mbele na nyuma, imeliwa. Pia angalia ncha za mapezi ya kompresa. Zikiwa zimekwaruza ukuta wa nyumba yake, huna haja ya kipimo. Vinginevyo tafuta saa ya kupimia mchezo, uache kutumia vidole kama mahakama.

Sasa jambo ambalo wateja wengi, na mafundi si wachache, hawaliamini mpaka waone turbo imekatwa katikati. Kwenye shafti ile hakuna sili ya mpira ya kuzuia oili. Mpira usingestahimili joto lile wala mwendo ule. Kuna ringi ndogo za chuma zinazokaa kwenye vijia vyake, na hazizuii oili kwa kubana. Zinafanikiwa kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, kwenye kompresa na kwenye turbini kwa kawaida kuna presha inayosukuma kuelekea katikati. Ya pili, oili iliyokwisha kupita kwenye beringi inaanguka chini kwa uzito wake yenyewe na kurudi kwenye injini. Haisukumwi na pampu. Inaingia kwa presha kupitia kibomba chembamba, inapigwa na shafti mpaka inakuwa povu, kisha inatoka kwa kudondoka. Ni sinki la jikoni lenye bomba lililofunguliwa: maji yakimwagika sakafuni, hubadilishi sinki, unakagua njia ya kutolea.

Ndiyo maana nasema turbo iliyolowa oili bado haijatoa ushahidi wowote. Chochote kinachozuia oili isidondoke kitailazimisha ipite kwenye ringi, iingie kwenye kompresa na intakula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), au iingie kwenye turbini na kutoka kama moshi wa bluu. Na vizuizi viko vingi. Hosi ya kurudishia iliyovimba kwa ndani au iliyojikunja. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili. Presha ndani ya injini kutokana na ringi za pistoni zilizochoka au vali ya PCV, inayotoa mvuke na presha ndani ya injini, iliyoziba. Hapo hewa ya injini inapanda kwenye njia ambayo oili inataka kushukia, na oili inakosa pa kwenda. Kuna pia filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara zetu: kompresa ikivuta kwa nguvu na hewa haiji, pale mbele panatokea mvuto unaonyonya oili kutoka katikati. Nimeona gari likihukumiwa kubadilishwa turbo wakati dawa yake ilikuwa filta ya hewa.

Na kuna gundi.

Dada mmoja aliniletea Forester kutoka Moshi ikiwa na turbo ya pili, na moshi uleule. Turbo hiyo ilifungwa kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Alikuwa ameshachoka. "Fundi, mimi niambie tu kama niiuze." Nilimwambia, "Dada, tuifungue kwanza ndiyo tuongee kuuza." Tulipotoa bomba la kurudishia oili chini ya turbo, gasketi ya chuma haikuwepo. Mahali pake palipakwa silikoni nyekundu kwa ukarimu mkubwa, na ilipokazwa ikaminywa kwenda ndani, ikakauka, ikafunika zaidi ya nusu ya tundu. Kipande kingine kilikuwa kinaning'inia tayari kukatika. Turbo ilipimwa na ilikuwa ndani ya vipimo. Tulisafisha, tukaweka gasketi yake na hosi mpya, tukairudisha turbo ileile. Moshi uliendelea siku kadhaa kwa sababu oili iliyokwisha kumwagika kwenye ekzosi lazima iungue yote kwanza, na hilo nilimwonya mapema. Usipomwonya mteja, atarudi kesho yake na ndugu zake.

Silikoni haina kazi popote kwenye njia ya oili ya turbo. Kwenye gasketi ya kurudishia itaziba tundu. Kwenye njia ya kuingizia ni hatari zaidi, kwa kuwa kipande kidogo kitasafiri mpaka kwenye beringi. Gasketi halisi si ghali ukilinganisha na turbo, na kama duka la karibu halina, subiri basi la kesho kutoka Nairobi au Dar.

Tukirudi kwenye moshi: usiusome kwa rangi pekee, usome kwa wakati. Bluu ni oili inayoungua, hilo linajulikana. Lakini lini? Ukitoka asubuhi tu, gari likiwa limelala, kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu, au ni tabia ya injini ya bapa tu: silinda zimelala ubavuni, oili inabaki upande wa chini wa ukuta, na gari likiegeshwa kwenye mteremko linaweza kutoa pumzi moja ya bluu bila kuwa na ugonjwa. Ukishuka mteremko mrefu kama wa Kitonga au Sekenke kwa gia bila kukanyaga mafuta, kisha ukikanyaga tena lifuke, injini ilikuwa inanyonya oili kupitia sili za valvu au ringi. Moshi unaokuja baada ya gari kusimama kwenye foleni dakika kadhaa, halafu ukikanyaga linafuka wingu, ndio unaonifanya nimulike turbo na njia yake ya kurudishia. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta, na hiyo ni makala nyingine, ndefu na ya huzuni.

Hata hivyo moshi unaweza kukudanganya. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kuona kwa macho, na EJ inakirahisisha. Turbo inakaa juu, nyuma, upande wa kulia. Moshi wa ekzosi unapanda kwenda kwake kwa bomba moja na kutoka kwake kwa bomba jingine kwenda nyuma. Fungua viungo vyote viwili, chukua tochi na kitambaa cheupe. Bomba la kabla ya turbo likiwa kavu, lenye masizi ya kawaida, na la baada ya turbo limelowa oili, basi oili inaingilia kwenye turbo. Bomba la kabla ya turbo likiwa limelowa, oili inatoka kwenye injini yenyewe, na hata ukifunga turbo ya dhahabu moshi utabaki. Kazi ya saa chache, bila kompyuta, na ingeokoa pesa za watu wengi sana. Sijui kwa nini haifanywi mara nyingi zaidi. Nadhani ni kwa sababu kuuza turbo kunalipa kuliko kufungua boliti zilizoshikana kwa kutu.

Upande wa hewa fanya vilevile, ila uwe na subira. Utando mwembamba wa oili ndani ya intakula si habari. Mvuke wa oili kutoka ndani ya injini unarudishwa kwenye mpira wa kuingizia hewa mbele ya turbo, kwa hiyo kompresa inapokea oili ambayo haikuitoa. Ukikuta oili kwenye mpira ule kabla haijafika kwenye kompresa, turbo haina hatia. Ukikuta oili ya kuchota kwa kikombe ndani ya intakula huku mpira wa mbele ukiwa mkavu, hapo una kesi. Mpira wenyewe nao uukague kwa kuupinda na kuukunja, hasa upande wa chini uliofichwa na manifoldi, kwa kuwa ukipasuka unaingiza hewa yenye vumbi moja kwa moja kwenye mapezi.

Presha ya ndani ya injini nayo hupimwa kwa vitu vya dukani. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mrefu, uupinde uwe umbo la U kwenye ubao, weka maji nusu, kisha unganisha upande mmoja na tundu la kijiti cha oili. Washa injini ikiwa ya moto, bila kukanyaga. Kwenye injini nzima yenye PCV inayofanya kazi, maji yanavutwa kidogo kuelekea injini. Yakisukumwa kwenda nje, una presha, na kila sentimita 10 za tofauti kati ya pande mbili ni takriban kilopaskali 1. Weka mkono mrefu wa mpira upande wa injini ili maji yasije yakanyonywa. Ukipata presha, badilisha vali ya PCV kwanza maana ni rahisi, upime tena. Ikiendelea, pima kompresheni na uvujaji wa silinda moja moja. Injini za EJ za lita 2.5 zina sifa mbaya ya kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa gari likiwa limeongezwa busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) na mtu wa kompyuta asiyejua petroli ya huku. Pistoni iliyovunjika ukingo itafukuza oili kupitia kila tundu, turbo ikiwemo, na turbo ndiyo itakayolaumiwa.

Hayo yote ni ya turbo iliyozidiwa. Iliyonyimwa oili ni hadithi tofauti, nayo haisemi mapema. Hakuna moshi miezi miwili kabla. Kuna mlio, kama wa filimbi inayopanda, kisha siku moja kwenye mlima busti inapotea.

Kwenye EJ nyingi za miaka ya 2000 zenye mfumo wa kubadilisha majira ya valvu, kibomba kinachopeleka oili kwenye turbo kinaanzia nyuma ya silinda hedi ya kulia, na kimeshikwa na boliti yenye tundu katikati, ambayo mafundi wanaiita banjo. Ndani ya boliti hiyo kuna chujio dogo la wavu, dogo kuliko kofia ya kalamu. Liliwekwa kulinda, na kwenye gari linalobadilishiwa oili kwa wakati hulisikii kamwe. Lakini oili ikipitiliza, ikaiva kuwa ute na vipande vya mkaa, wavu ule unajaa kimyakimya. Injini inaendelea kupata oili yake, taa ya dashibodi haiwaki, na turbo peke yake inakauka. Ukifunga turbo mpya bila kugusa boliti ile, umeipeleka mpya kwenye kaburi la ile ya zamani. Turbo nyingi za pili hufia hapo.

Kuna ubishi wa miaka kama wavu ule utolewe au ubaki. Wanaotaka utolewe wanasema oili imeshapita kwenye filta kubwa. Wanaotaka ubaki wanasema filta kubwa ina vali inayoipitisha oili bila kuchujwa pale filta inapoziba au oili ikiwa baridi na nzito, na hapo wavu ndio kinga ya mwisho. Wote wana hoja. Mimi huangalia mwenye gari. Anayebadilisha oili kila kilomita 5,000 bila kukumbushwa, namwekea boliti mpya yenye wavu mpya. Anayeniambia "nitapita wiki ijayo" tangu Pasaka, wavu nautoa kwenye njia ya turbo, kwa sababu kwake utaziba tu. Na kibomba chenyewe nakibadilisha. Kimepita karibu na joto kwa miaka, kuta zake za ndani zimeota mkaa, na kukipuliza kwa kompresa hakuutoi wote.

Kabla ya kufunga chochote pima presha ya oili kwa geji halisi. Taa ya oili ya Subaru hizi huwaka presha ikishuka hadi karibu kilopaskali 15, yaani imebaki kidogo sana. Kwa kulinganisha, kiwango cha kiwanda kwa oili ya nyuzi 80 ni kilopaskali 98 kwenye mizunguko 600 na 294 kwenye mizunguko 5,000. Kati ya 98 na 15 kuna eneo kubwa ambalo taa imezimika, dereva ana amani, na turbo inateseka. Ukipata presha ndogo, EJ ina sehemu mbili za kuzishuku kabla ya kutangaza kuwa injini imenoki: bomba la kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ambalo hupasuka pale lilipounganishwa na kuanza kufyonza hewa, na skrubu za bamba la nyuma la pampu ya oili, ambazo hulegea zenyewe. Zote mbili zinafikika bila kupasua injini.

Sisi wa nyanda za juu tuna mzigo wa ziada ambao watu wa Tanga na Mombasa hawaujui. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Nairobi zaidi ya 1,600. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo ikidaiwa presha ileile inabidi izunguke kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi. Gari lililoongezwa busti Dar likapanda huku bila kurekebishwa linaifanyisha turbo kazi ambayo haikupangiwa, na beringi ndizo zinazolipa.

Kuhusu oili, sina jina la kampuni la kukupa. Chukua sinthetiki kamili, ya uzito unaofaa injini na joto la unakoishi. 5W-40 inazifaa EJ nyingi za turbo za huku. Nunua kwa muuzaji anayekupa risiti. Makopo yaliyojazwa upya yapo, na kopo zuri halithibitishi kilichomo. Halafu chomoa kijiti. Injini hizi hunywa oili kidogo hata zikiwa nzima, zinabeba kama lita nne tu, na lita moja ikipungua umepoteza robo. Mtu anayepiga Arusha hadi Dodoma kwa mwendo mkali bila kuchomoa kijiti hana haki ya kuuliza kwa nini.

Vile vidude vya kuacha injini ikinguruma baada ya kutoa ufunguo sivifungi tena isipokuwa mteja aking'ang'ania. Turbo za EJ zinapoozwa pia na maji, na baada ya kuzima, maji ya moto yanapanda yenyewe na mengine kushuka, joto likaendelea kutoka bila pampu. Kinachounguza oili kuwa mkaa ni kutoka kwenye mbio na kuzima papo hapo. Endesha kilomita ya mwisho taratibu, basi.

Kwa wale wenye turbo za gololi (zenye beringi za gololi badala ya bushi) za kununua nje, hasa Garrett: hizo hazitaki oili nyingi. Kampuni yenyewe inaelekeza kuweka kizuizi kwenye njia ya kuingizia, chenye tundu la milimita 1 hivi, na bomba la kurudishia liwe pana na lishuke karibu na wima. Ukiifunga bila kizuizi itafuka siku ya kwanza, na muuzaji atasema si kosa lake, na safari hii atakuwa anasema kweli. Ukiona mtu anataka kuishusha turbo chini kabisa, usawa wa sampu, muulize oili itapandaje. Porsche kwenye 911 Turbo ya 996 walilazimika kuweka pampu za kuifyonza.

Ikithibitika kuwa turbo imekufa kweli, hesabu ya kazi ni pana kuliko boksi. Beringi zilizosagika zimerudi kwenye injini pamoja na oili, kwa hiyo sampu inafunguliwa na kusafishwa. Mapezi yakiwa yamevunjika, intakula inatolewa na kuoshwa, na kama vipande vimejibana usiibembeleze, tafuta nyingine. Kibomba kipya, boliti za banjo mpya, washa za shaba mpya, gasketi na hosi ya kurudishia mpya, oili na filta. Ukiambiwa bajeti haitoshi vyote hivyo, ni afadhali gari lisubiri kuliko turbo mpya ifungwe nusunusu. Turbo za kopi zipo za bei ya kuvutia, na sizifungi. Mtumba wa Japani uliopimwa mchezo mbele ya macho yangu naukubali.

Siku ya kuwasha, jaza oili kwenye tundu la kuingizia la turbo kwa bomba la sindano huku ukizungusha shafti kwa kidole. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uirudishe fyuzi. Ikiwaka, usikanyage. Iache ijingurumie yenyewe dakika kadhaa huku ukiangalia kila kiungo kwa tochi. Moshi wa siku za kwanza utakuwepo, kwa sababu niliyoisema. Badilisha oili na filta mapema, kilomita mia chache tu baadaye, uikate ile filta na kutazama kama kuna chuma kinachong'aa kwenye mikunjo yake.

Na kama kazi inafanyika kwa fundi mwingine, usidai turbo ya zamani peke yake. Dai na boliti ya banjo, kibomba chake, na gasketi ya chini, vyote vikiwa na uchafu wake, kabla hujalipa pesa iliyobaki. Asipokuwa navyo, muulize vimebaki wapi. Mara nyingi vimebaki kwenye gari.